Kokteli ya matunda yenye gesi kwa shughuli za sikukuu hapa Mtwara, huyu dada wa Shangani mchukueni

Wadau wa Mtwara na Lindi habari za sikukuu. Naandika hii kabla mwaka mpya haujafika maana najua kuna watu saivi wako kwenye kamati ya vinywaji na wanajiuliza waweke nini zaidi ya kreti za soda na maji ya chupa. Kuna dada mmoja yuko Shangani, anafanyia kazi nyumbani kwake, hana fremu wala bango, anapokea oda za kokteli za matunda zenye gesi kwa ajili ya shughuli, anakuja mwenyewe na vifaa vyake na msaidizi na anachanganya pale pale mbele ya wageni. Tulimchukua Krismasi hii kwa shughuli ya ukoo kule Mikindani na mi ndo nilikuwa nasimamia vinywaji, kwa hiyo nimemwona tangu anapokea oda mpaka anaosha vyombo vyake na kupakia kwenye bajaji. Ni mzuri sana, na nataka nieleze uzuri wenyewe uko wapi maana kusema tu "huduma nzuri" hakumsaidii mtu anayetoa hela yake.

Naanza na gesi kwa sababu hapo ndo wengi wanaharibu. Kokteli ya hivi ikikosa gesi inabaki juisi tu, na juisi hapa mjini tunazo kila kona, kuanzia soko kuu mpaka stendi. Sasa Desemba yetu mnaijua, joto na ule unyevu wa bahari, saa nne asubuhi shati limeshalowa, na joto na gesi haviivi chungu kimoja. Gesi ya kwenye soda ni hewa ukaa iliyoshindiliwa ndani ya maji, na maji yakiwa baridi karibu na kuganda yanaishika zaidi ya mara mbili ya yale yenye joto la nyuzi 30. Kwa hiyo ukifungua soda wota ya moto linafoka povu, gesi nyingi inaishia hewani kabla hujamimina, na ukimimina kwenye juisi ya moto nayo ndo inamalizikia hapo. Kuna mtoa huduma mwingine tuliwahi kumtumia kwenye sendi-ofu ya binamu yangu, simtaji, alichanganya kila kitu asubuhi kwao kwenye ndoo kubwa akaja nayo mchana, kwa macho ni kitu safi, rangi nzuri, vipande vya nanasi vinaelea, ukinywa hakuna kitu ni maji ya sukari ya vuguvugu. Wageni walichukua glasi moja moja kwa heshima wakarudi kwenye soda zao na sisi hela ilishatoka.

Huyu wa Shangani hachanganyi mpaka mgeni awe amesimama mbele yake. Alikuja na madeli mawili makubwa. La kwanza lina chupa za soda wota zimelazwa kwenye barafu na maji na viganja kadhaa vya chumvi ya mawe, maana chumvi inashusha joto chini ya pale barafu ya kawaida inapofika na chupa zinapoa haraka. La pili lina rojo za matunda kwenye madumu madogo yaliyooshwa yakaoshwa, kila dumu na kibandiko chake. Hata glasi anaziweka kwenye baridi. Ukifika anakuuliza unataka ipi, anaweka rojo robo ya glasi hivi, ndimu anakamulia hapo hapo, shira kijiko kimoja au unamwambia usiweke, anakoroga. Halafu anaweka kibonge cha barafu, kikubwa kimoja, sio vile vidogo vidogo. Ndo anachukua opena anafungua soda, anainamisha glasi na kumimina taratibu ikishuka ubavuni mwa glasi, ikijaa anaingiza kijiko mpaka chini ananyanyua mara moja tu basi. Nilimuuliza mbona hukorogi akaniambia, "Dada yangu, ukiikoroga unaifukuza gesi, iache ipande yenyewe." Na kweli unaona vipovu vinapanda kutoka chini vinapita katikati ya ile rangi ya embe, mpaka mtu anamaliza glasi bado inachoma ulimi.

Kitu kingine nimekipenda ni kwamba rojo zake zote amezichuja, sio kwa chujio la chai, kwa kitambaa. Nyuzinyuzi za embe na machicha ya nanasi yakibaki mle, gesi inajishika kwenye vile vipande inatoka yote kwa pamoja, unapata povu jingi juu na chini pamepooza. Vipande vya matunda anavyo, anavichoma kwenye kijiti na kuviweka juu ya glasi, havizami.

Barafu nayo niiseme, maana hapa mjini kuna mchezo mbaya, watu wananunua barafu ya kuhifadhia samaki kule feri wanaponda wanaweka kwenye vinywaji vya harusini. Ile barafu ni ya samaki jamani, haijatengenezwa kwa kunywa. Huyu dada anagandisha mwenyewe maji ya kuchemsha kwenye makopo, na nyingine anagandisha juisi ya nanasi yenyewe ili ikiyeyuka isiichujushe kokteli yako. Na kwa nini vibonge vikubwa, kwa sababu kibonge kikubwa kinayeyuka polepole kuliko vidogo vingi vya uzito ule ule. Nilimwambia kabla kwamba nitataka kujua barafu inatoka wapi akanikaribisha kwake nikaona friza, hakununa hata kidogo.

Sasa ladha. Tulichukua za aina nne. Ya embe na pesheni ndo iliyoisha kwanza na sishangai, huu ndo wakati wa embe, zinaingia sokoni za kumwaga, na ukichanganya utamu wa embe na ule ukali wa pesheni huhitaji shira kabisa, watoto waliimaliza. Ya nanasi na tangawizi ndo niliyoipenda mimi, tangawizi anaitwanga mbichi na kuichuja haichemshi, inakwangua koo vizuri, na kwa mtu aliyekula pilau na mbuzi wa kuchoma inasafisha mdomo unarudi kwenye sahani ukiwa mpya. Ya choya ilikuwa na rangi ya sikukuu haswa, nyekundu iliyoiva, kaichemsha na mdalasini na hiliki, ila sukari ilizidi, hapo nimempunguzia. Choya ina uchachu wake mtamu wa asili yake, ukiumwagia shira yote ile unaua kitu kizuri. Nilimwambia na akasema kwa oda nyingine atatenga shira pembeni kila mtu ajipimie.

Ya nne ni ya mabibo na hapa nitakaa kidogo.

Sisi tunaishi na mikorosho, huku kusini ndo korosho ya nchi hii inakotoka kwa wingi, na kila msimu kuanzia Oktoba mabibo yanadondoka yanaoza chini ya miti sisi tunachukua korosho yake tu. Mengine yanaanikwa kochoko, yaani mabibo makavu, mengine yanakuwa uraka, ile pombe ya mabibo, yaliyobaki ni ya nzi. Wakati tunda lenyewe lina vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa mara kadhaa na lina harufu ambayo huipati kwenye tunda lingine lolote. Tatizo ni ule ukakasi, unakunywa juisi mdomo unakauka kama umelamba unga wa muhogo mbichi, na mabibo yenyewe hayakai, ukichelewa siku moja kwenye joto hili yameshaanza kuchachuka. Watafiti wa TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo pale Naliendele, wamekuwa wakifundisha watu kusindika mabibo juisi na vitu vingine muda mrefu sana, ila kwenye meza za sherehe zetu nilikuwa sijayaona.

Huyu dada ananunua asubuhi yale yaliyookotwa siku hiyo hiyo, anachambua yenye michubuko anatupa, anayaosha na maji ya chumvi. Akishakamua anapika uji mwepesi kabisa wa mchele, unaachwa upoe, anaumimina kwenye ile juisi na kuiacha itulie. Baada ya muda unaona juisi imejigawa, chini limekaa tope zito la rangi ya maziwa, juu imebaki safi ya njano, ule wanga wa mchele umeshikana na kile kitu cha ukakasi umeshuka nacho. Anachota ya juu taratibu bila kutikisa, anachuja kwa kitambaa, anaichemsha kidogo, inapoa na kuingia kwenye friza siku hiyo hiyo. Kazi ya kutwa nzima. Ladha inayobaki ni bibo lenyewe, harufu yote ipo, ukakasi umebaki kwa mbali sana, na ukiiwekea ndimu na gesi unaona kabisa hili tunda lilikuwa linasubiri kutendewa hivi. Mezani tulikuwa na korosho za kukaanga, ukitafuna korosho ukashushia na bibo lake, aisee.

Sasa kwenye ukoo wetu kuna Wakristo na Waislamu nusu kwa nusu, Krismasi tunakula wote na Idi tunakula wote, kwa hiyo vinywaji lazima viwe vya kila mtu kukaa nacho kwa amani. Waliposikia mabibo tu shangazi yangu akarudisha glasi akauliza, "Mwanangu, hii si uraka hii?" Na ana haki ya kuuliza, sisi juisi ya mabibo tunayoijua ni hiyo. Yule dada hakukasirika wala hakucheka, alimsogezea kiti, akamweleza ilivyochemshwa na kugandishwa siku ile ile iliyokamuliwa kabla haijapata nafasi ya kuchachuka, akamwonyesha dumu likiwa bado na barafu ndani, akamfungulia soda nyingine mbele ya macho yake akamchanganyia upya. Shangazi akanusa, akaonja, akasema haya niongezee. Mtu anayemheshimu mgeni namna ile mi namwamini na chakula chochote. Pombe haweki kabisa kwenye meza yake, amesema wazi tangu kwenye oda, mwenye kutaka yake akae nayo kwake, na hilo kwa familia mchanganyiko ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Bei: sisi tulilipa 200,000 kwa watu 50, kila mtu kwa hesabu ya glasi mbili, na usafiri wa mpaka Mikindani tukalipa pembeni. Nusu ni advansi, nusu mkimaliza. Kreti za soda ni rahisi zaidi hilo halina ubishi, ila soda unaipata kila siku kwa Mangi, na hapa unalipia matunda halisi, kuchuja, barafu safi na mtu wa kusimama pale mchana kutwa. Mi naona bei ni ya haki. Mapambo ya meza yake ni ya kawaida, majani ya mgomba na maua kidogo, inatosha.

Kasoro zipo pia na nataka muingie mkizijua. Kwa kuwa anachanganya glasi moja moja, chakula kilipoisha watu wakasimama wote kwa mpigo foleni ikawa ndefu na wazee wakachoka kusimama, ikabidi tuwatume vijana wawapelekee kwenye viti. Msaidizi mmoja hatoshi, kwa watu zaidi ya 40 mwambieni aje na wawili hata kama itabidi muongeze kidogo. Pili ni glasi, kwenye pakeji ya kawaida analeta za plastiki nyepesi zile, mkono unazipasha moto haraka na baridi inakimbia. Glasi za kioo anazo ila ni kwa kuweka amana, na mi nashauri muweke hiyo amana au mtumie za kwenu. Tatu simu, anajibu jioni tu akishamaliza kazi, ukimtumia ujumbe asubuhi usidhani amekudharau.

Kwa ndugu zetu wa Lindi, nilimuuliza akasema anakuja kama oda ni kubwa, lakini ni zaidi ya kilomita 100 kwa hiyo mtamlipia gari na barafu itabidi itafutwe huko huko, mpange naye vizuri.

Na kama mfuko haujakaa sawa unaweza kufanya nyumbani kwa watu wachache, hanifichi na hata yeye kasema hana siri. Tuliyofanya siku ya pili kwa ajili ya wageni waliobaki ilikuwa hivi: rojo la embe lililochujwa lita 1, pesheni iliyochujwa nusu lita, ndimu nne, shira robo lita na hiyo unaipunguza kama embe zimeiva sana, chumvi kidogo sana ya kuonja tu maana inaamsha utamu. Hivyo vyote unachanganya kwenye jagi usiku na kulaza kwenye friji. Soda wota lita 2 nazo zilale kwenye baridi, na msizifungue mpaka watu wamekaa. Unapata kama glasi 15 za robo lita. Asiye na soda wota atumie Stoney Tangawizi, inakaa vizuri sana na nanasi na hata embe, ila ile ina sukari yake tayari kwa hiyo shira acha kabisa. Na umeme ukiwa hauaminiki siku hizo, gandisha vibonge vya barafu mapema na uvihifadhi ndani ya deli lililofungwa, usifungue fungue kila saa kuangalia.

Kuchanganya na maziwa msijaribu kwenye ya nanasi, nanasi bichi linakata maziwa na kuyafanya machungu, kuna mtu alimuuliza yule dada kama anaweza kuweka maziwa mazito akakataa kabisa na alikuwa sahihi.

Kwa mwaka mpya sisi tumeshaweka oda tena, safari hii nanasi na tangawizi kwa wingi, embe na pesheni, na choya bila shira. Ya mabibo aliniambia msimu unaishia na hakamui tena, iliyobaki ni ile iliyoko kwenye friza na akigawa gawa kwenye oda za tarehe 31 haitafika mbali, kwa hiyo anayeitaka ampigie jioni ya leo asingoje kesho.